Mama Haloo na Kabati la Nyaya

Ofisini kwetu tuliuza bima, maana yake tuliwauzia watu utulivu wa moyo ulioandikwa kwa herufi ndogo sana. Mteja akipiga simu, kabla hajasikia lolote kuhusu bima alisikia sauti ya mwanamke ikisema "Haloooo," neno likivutwa taratibu kama mtu anayeanika shuka refu kwenye kamba. Sauti hiyo ilikuwa ya opereta wetu wa simu, na kwa sababu yake hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Mama Haloo tu. Hata meneja alimwita hivyo, ila yeye aliongeza "tafadhali".

Mama Haloo hakujaliwa kuzaa. Aliishi na mdogo wake wa kike katika nyumba ya vyumba vitatu, na mtoto wa pekee wa mdogo wake alikuwa mtoto wa wote wawili. Mdogo mtu alimnyonyesha; Mama Haloo alimkagua masikio, akamtafutia shule, akagombana na walimu wake, na akamfundisha kuongea kwenye simu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kijana alimwita Mama Mkubwa. Yeye alimwita "mwanangu", na mgeni aliyewaona pamoja hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Kazini alikaa mapokezini, nyuma ya kioo chenye kidirisha cha duara, mbele ya swichibodi ambayo namba za vitufe vyake zilikuwa zimefutika zamani kwa kubonyezwa. Hakuhitaji namba. Kila simu, ya kuingia na ya kutoka, ilipita vidoleni mwake. Siwezi kuapa kwamba alisikiliza mazungumzo ya watu. Ninachojua ni kwamba dada wa usafi alipochumbiwa kwa simu, Mama Haloo alimpa hongera kabla mchumba hajamaliza kuuliza.

Basi ikaja habari kwamba ghorofa yetu yote ingetandikwa nyaya mpya. Kila meza ingepata matundu mawili ukutani, na nyaya za meza zote zingekusanyika kwenye kabati la chuma katika chumba kidogo karibu na stoo. Kompyuta na simu zingepita njia moja, kisasa, na opereta wa nini tena? Tulianza kumtazama Mama Haloo kwa ile huruma ya kumtazama mgonjwa anayejisifu kuwa amepona. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba wiki ile alianza kupeleka nyumbani vitu vyake vya drooni, kimoja kimoja, ili siku ya kufukuzwa asionekane amebeba boksi.

Fundi aliyekuja alikuwa mwembamba, ana kalamu sikioni na maneno mengi mdomoni. Kazi ilipokwisha alimwita Mama Haloo chumbani, akafungua mlango wa kabati. Ndani kulikuwa na paneli: safu za matundu, yote sawa kama meno ya kitana, kila moja na namba yake.

"Kila tundu linakwenda kwenye ukuta wa meza fulani," fundi alisema. "Ukitaka pale pawe na kompyuta, unaunganisha tundu hili na mashine ya mtandao kwa kikamba hiki. Ukitaka pawe na simu, unaliunganisha na laini ya simu kwa kikamba kile. Basi. Umeshakuwa injinia."

Mama Haloo alivichukua vikamba vyote viwili akavilinganisha. Plagi ya mtandao ilikuwa pana, ina vipande vinane vya shaba. Plagi ya simu ilikuwa nyembamba, ina vinne tu katikati. Matundu yote ya paneli yalikuwa mapana.

"Fundi, hii nyembamba itakaaje kwenye tundu pana?"

"Inakaa, mama. Tazama." Akaichomeka. Ikalia *ta*.

"Haitacheza humo ndani?"

"Mama, tundu ni tundu. Ikiingia, imekubali."

Kisha akamkabidhi ufunguo, kwa kuwa afisa utawala, ambaye ndiye aliyepaswa kuupokea, alisema chumba kile kina joto. Kwa hiyo yule ambaye sote tulidhani amekwisha alitoka mle ndani na ufunguo wa kabati umening'inia kwenye mkufu shingoni, na kuanzia siku ile hapakuwa na mtu aliyepata simu, aliyehamishiwa simu, wala aliyenyimwa simu pasipo yeye kutaka. Vile vitu vya drooni vikarudi, na kioo kipya cha mkononi juu yake.

Lazima niseme hakutawala vibaya. Alimpa kila mtu kulingana na alivyompenda. Katibu muhtasi, rafiki yake wa chai, alipata simu mbili na zote zililia. Dereva, ambaye hakuwa na meza, alipata simu juu ya kiti. Mtu akihama meza, Mama Haloo alikwenda kabatini, akang'oa hapa, akachomeka pale, *ta*, na simu ikamfuata mwenyewe kama mbwa mwaminifu.

Aliyekosa alikuwa mmoja tu: afisa wa madai, mtu mrefu, mkavu, aliyeongea kama vile kila neno lake linakatwa kodi. Tulimwita Kimya. Kosa lake lilikuwa la asubuhi moja tu, zama za swichibodi ya zamani. Aliomba kuunganishwa na gereji fulani, na Mama Haloo, kwa nia njema, akaanza kumweleza ni kwa nini gereji ile haifai na ni ipi inayofaa na shemeji yake nani anafanya kazi pale. Kimya alisubiri mpaka akamaliza, kisha akasema, "Dada, nipe laini tu. Maoni nitaomba siku nyingine."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana neno lilimchoma zaidi. Angetukana, wangetukanana yakaisha. Lakini maoni ya Mama Haloo kuambiwa yasubiri siku nyingine, kama vile ni mzigo wa stoo!

Simu mpya zilipogawiwa, alimwambia Kimya, "Pole, laini zimekwisha." Kabatini laini zilikuwa zimejaa kama tambi kwenye sufuria.

Kimya akasema, "Sawa." Akarudi mezani kwake kule mwisho wa ukumbi, karibu na vyoo. Akitaka kupiga simu, alitembea hadi simu ya wote iliyokuwa ukutani. Hakulalamika kwa mtu yeyote, wala hakuomba tena, na jambo hilo lilimkera Mama Haloo kila alipolikumbuka. Kumnyima mtu kitu halafu asikitamani ni kazi ya bure.

Mwaka uliofuata, kijana wake aliajiriwa kwetu kama afisa masoko. Aliingia kwa mlango wa mbele kama watu wote. Ni kweli kwamba mlango wa mbele ndiko alikokaa mama yake mkubwa, lakini tusiseme sana. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, ana suti mbili na kichwa kinachofanya kazi. Siku ya kwanza alikuta simu inamsubiri mezani. Siku chache baadaye akasema jua linapiga kwenye kompyuta. Akahamia upande wa pili, na simu ikahama. Kisha kule kukawa na baridi ya kiyoyozi. Akahamia dirishani, simu ikahama tena. Kisha Mama Haloo mwenyewe akaona kwamba afisa masoko mwenye wateja wakubwa hawezi kuwa na simu moja kama karani. Akamwongezea ya pili. Tundu lililokuwa la simu likawa la kompyuta, la kompyuta likawa la simu, na baada ya muda hakuna tundu upande ule wa dirisha ambalo lilikuwa halijaonja plagi ya simu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mama Haloo alitenda wema, akaenda zake, akarudi kuutenda tena.

Ndipo kompyuta ya kijana ikaanza kuugua.

Haikufa. Ingekufa ingebadilishwa. Ilikuwa inapata mtandao, inapoteza, inapata ukiutikisa waya, inapoteza ukipiga chafya. Kijana aliandika barua pepe akabonyeza kutuma, na barua ikakaa palepale ikimtazama. Ripoti zake zilifika jioni wakati zinatakiwa asubuhi. Kompyuta ikabadilishwa; ugonjwa ukabaki. Bosi wake akaanza kusema "vijana wa siku hizi" akiwa amesimama karibu naye.

Kila mtandao ulipokatika alimkimbilia mtu mmoja.

"Mama Mkubwa, imekufa tena."

"Usihangaike, mwanangu. Ngoja nilipime hilo tundu."

Na hapo ndipo penye kuchekesha, ingawa wakati ule hatukujua pa kucheka. Mama Haloo alikuwa na njia moja tu ya kupima. Alikwenda kabatini, akang'oa ile plagi pana ya mtandao, akachomeka plagi ya simu mahali pake. Kijana naye aling'oa waya wa kompyuta ukutani akachomeka wa simu. Kisha wakaongea kwa kupiga kelele ukumbi mzima:

"Unasikia mlio?"

"Nausikia!"

"Safi?"

"Safi kabisa!"

"Basi tundu ni zima! Ubovu uko kwenye kompyuta yako!"

Alipima hivyo kila mara ugonjwa ulipozidi, na kila alipopima ugonjwa ulizidi. Kwa huruma alianza kumhamishia kwenye matundu mengine, na kabla ya kumhamishia aliyapima kwanza.

Siku ya aibu yenyewe ilikuja pamoja na wenye mabasi. Walikuwa chama kizima cha wamiliki wa mabasi, wakitafuta pa kukatia bima magari yao yote, na kijana ndiye aliyewaleta, kwa jasho lake mwenyewe. Waliketi kuizunguka meza yake ya dirishani. Alitakiwa kuwaonyesha jinsi dai linavyoandikwa na kufuatiliwa kwenye kompyuta. Akabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Kijana akacheka kidogo, akasema ni kawaida, akaingia chini ya meza kutikisa waya. Alikaa huko muda wa kutosha mpaka mwenyekiti wa chama akainama akamuuliza, "Kijana, unatafuta bima, au umeangusha pete?"

Wageni wakacheka. Meneja hakucheka. Aliwainua wote akawapeleka kwenye meza ya karibu kutafuta kompyuta inayofanya kazi, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka wakafika mwisho wa ukumbi karibu na vyoo. Kimya alisimama, akavuta kiti chake pembeni, akabonyeza. Ukurasa ukafunguka kabla kidole hakijainuka. Hakueleza chochote, hakujua kueleza. Alibonyeza tu, dai baada ya dai, na kila alipobonyeza jibu lilikuwepo. Mwenyekiti wa mabasi alitazama mezani, pasipo simu, pasipo kelele, akasema, "Huyu ndiye mtu wa kazi. Wengine mna simu mbili mbili, mnaongea tu."

Mkataba ulisainiwa. Sifa zote zilimwangukia Kimya, ambaye hakuzitafuta, na ni kweli kwamba hakuna aliyekuwa na mafaili safi kama yake: hakusumbuliwa na simu, mtandao wake haukukatika, na wateja wake walizoea kumwandikia. Meneja alipostaafu, makao makuu yalitazama rekodi na kumpa Kimya kiti. Kijana wa Mama Haloo alihamishiwa tawi dogo la mbali, chumba kimoja, mahali lami inapoishia. Barua ilisema ni "kwa ajili ya kumjengea uzoefu".

Nyumbani palikuwa na matanga bila maiti. Mdogo mtu hakupika, Mama Haloo hakula.

"Dada, ulisema utamshika mkono mwanangu," mdogo mtu alisema.

"Nilimshika! Nani kamshika kama mimi?"

"Labda ungemwachia, angepumua."

Mama Haloo alilia kwa neno lile hadi macho yakavimba, kisha akapata pa kupeleka machozi: kwa Kimya. "Mtu asiye na simu anapandaje cheo?" aliniuliza kwenye jiko la ofisi, akikoroga chai isiyo na sukari. "Anaongea na nani? Na wapi? Wewe hujiulizi?" Nilisema labda alifanya kazi tu. Alinitazama kana kwamba nimehongwa.

Jambo la kwanza ambalo Kimya alifanya kwenye kiti kile ni kuagiza mtandao wenye kasi zaidi. Na nani akaitwa? Fundi yuleyule. Sasa alikuwa amenenepa, ana kampuni, lakini kalamu ilikuwa bado sikioni. Mama Haloo aliletwa kwa sababu ya ufunguo, nami nikaambiwa nishike tochi, kwa hiyo haya niliyaona.

Fundi alichomeka kipimo chake tundu moja, akaguna. Akachomeka la pili, akaguna. La tatu akaomba tochi, akasogeza jicho karibu na paneli kama mganga wa masikio.

"Nani mwendawazimu amekuwa akichomeka plagi za simu humu?"

Mama Haloo alishika mkufu wake.

"Njoo uone," aliniambia. Nikaona. Ndani ya tundu kulikuwa na nyaya nane ndogo za shaba, zimejipanga, sita zimeinamia chini vizuri, na mbili za pembeni, ya kwanza na ya mwisho, zimesukumwa juu na kupinda kama ndevu za paka. "Plagi ya simu ni nyembamba," fundi alisema. "Haina nafasi ya hizi mbili za pembeni. Plastiki yake inazikandamiza mpaka zinapinda, na zikipinda hazirudi. Simu inatumia za katikati, kwa hiyo simu italia vizuri hata miaka mia. Ila kompyuta ukiileta hapa baadaye, inagusa, haigusi, inagusa, haigusi. Na ukutani ni hivyohivyo. Kazi ya kijinga kabisa. Nani kafanya?"

"Wewe," Mama Haloo alisema.

"Mimi?"

"Ulisimama hapohapo. Nilikuuliza itakaaje, ukaniambia tundu ni tundu, ikiingia imekubali."

Fundi aligusa kalamu yake. "Mama, mimi nilikuwa nazungumzia... siku ile."

Angeendelea kujitetea, lakini kazi ilikuwa mbele yake. Akaanza kupita tundu kwa tundu akisoma namba, na Mama Haloo, ambaye alizijua namba zile kuliko siku za kuzaliwa za ndugu zake, akawa anamjibu ni meza ya nani.

"Hili limekufa."

"La mwanangu. Dirishani."

"Na hili."

"La mwanangu. Pale alipohamia mwanzo."

"Hili limeharibika vibaya sana, kama lilipigwa nyundo."

"La mwanangu," alisema polepole. "Nililipima mara nyingi."

"Haya mawili?"

"Katibu muhtasi."

Wakaenda hivyo. Nilikuwa namulika paneli lakini nilimtazama yeye. Sauti yake ilikuwa inapungua kila jibu. Alikuwa ameshaelewa kabla sisi hatujaelewa: yale mabovu yalikuwa ya watu wake, kila mmoja kwa kadiri alivyompenda, na aliyependwa kuliko wote ndiye ambaye hakubakiwa na tundu hata moja.

"Loo, hili sasa!" Fundi alichangamka. "Hili zima kabisa, kama limetoka kiwandani leo. Halijaguswa. Hili la nani?"

Ikabidi niseme mimi. "La Kimya."

Mama Haloo alivua mkufu shingoni, akauweka ufunguo juu ya kabati, akatoka.

Aliniambia yeye mwenyewe yaliyofuata. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja bila kubisha hodi, kwa sababu alihofia akibisha atabadili nia. Kimya alikuwa anasoma. Mezani pake, meza kubwa ya meneja, hapakuwa na simu.

"Matundu yameharibiwa na mimi," Mama Haloo alisema. "Kwa plagi za simu. Fundi atakueleza."

"Ameniandikia dakika hii hii," Kimya alisema. "Hukujua."

"Sikujua. Lakini lako ni zima."

"Nimeona. Kwa nini?"

Angeweza kusema ni bahati. "Kwa sababu sikukupa simu."

"Laini zilikuwa zimekwisha."

"Hazikuwa zimekwisha. Ulinikasirisha siku moja. Ulisema maoni yangu yasubiri."

Kimya alifikiri. Ilionekana hakumbuki kabisa, na Mama Haloo aliniambia kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: miaka yote ile alikuwa ameibeba chuki yeye peke yake, mwenzake hata hakujua kama kuna mzigo. Kisha mabega ya meneja yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, bila sauti, kama anavyofanya kila kitu.

"Nilikuwa nadhani Mungu ndiye aliyenipa utulivu ule," alisema. "Kumbe ni wewe. Ahsante sana, dada."

Mama Haloo alikuwa amejiandaa kwa barua ya kufukuzwa. Kwa shukrani hakuwa amejiandaa. Alisimama pale akiwa hana pa kuweka mikono. Kimya akaendelea: simu zitawekewa paneli yake yenyewe, yenye matundu membamba, ambamo plagi pana haiingii hata ukiisukuma kwa bega. Ufunguo utakaa na watu wa fundi. Yeye meneja hataki simu mezani, si leo wala kesho. Wote wanaomtafuta watazungumza na Mama Haloo, naye ataamua nani aandike, nani aje, na nani arudi akafikiri upya.

"Na maoni?" Mama Haloo aliuliza.

"Wape wao," Kimya alisema, na akarudi kusoma.

Kwa hiyo aliingia akitegemea kupoteza kazi, akatoka na mamlaka ambayo hata swichibodi ya zamani haikumpa. Fundi naye alilipwa kurekebisha alichofundisha. Siku ya mwisho alitukusanya wafanyakazi wote akatuhutubia, uso mkavu, kidole juu: "Jamani, tundu si tundu tu! Kitu kuingia hakumaanishi kimekubali!" Tulimpigia makofi. Mama Haloo alipiga kuliko wote.

Siku ile ya kuungama, kabla Mama Haloo hajatoka ofisini kwake, meneja alimwambia jambo moja zaidi: kijana arudi, meza yake ya dirishani itakuwa na matundu mapya. Mama Haloo alimfikishia mdogo wake habari, nyumba ikanukia chakula tena, na Ijumaa akapanda basi kuipeleka mwenyewe. Habari kama ile hakutaka kuituma kwa simu.

Tawi lilikuwa chumba kimoja chenye benchi nje. Alikuta benchi limejaa watu. Ndani, kijana wake alikuwa amekunja mikono ya shati, anamweleza mzee mmoja zile herufi ndogo kwa maneno makubwa, na kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa kwa waya mmoja mfupi kama mkia wa mbuzi, kutoka ukutani hadi mezani, bila kabati. Ilifanya kazi. Mama Haloo alikaa benchini akasubiri zamu kama watu wengine, na waliokaa naye walimsifia yule kijana wa bima bila kujua wanamwambia nani.

Walipofunga ofisi alimwambia yote: plagi, zile shaba mbili, vipimo, tundu la Kimya. Alitegemea atacheka. Kijana hakucheka.

"Mama Mkubwa, mimi nilianza kuamini kwamba ni mjinga," alisema. "Unajua? Siku ya wale wenye mabasi nilikwenda chooni nikafungulia maji ili watu wasinisikie. Nilikuwa najiuliza mbona vitu vinavyowashinda wengine mimi naviweza, na vinavyofanywa na kila mtu mimi vinanishinda."

Mama Haloo alisogeza kiti chake karibu naye.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Hukujua."

"Basi funga mizigo. Meneja kasema urudi. Meza yako ipo, matundu mapya, nami sitagusa hata..."

"Sirudi."

"Ni kwa sababu yangu?"

"Ni kwa sababu ya hapa. Watu wananisikiliza. Kazi inakwenda." Akakunjua mikono ya shati. "Na kuna msichana."

Mama Haloo alimeza hilo la kwanza kwa shida na la pili kwa haraka. Aliinuka aanze kuosha vikombe, kisha akaona pazia limening'inia vibaya, kisha akaona meza ingefaa zaidi ikikaa upande wa pili.

"Mama Mkubwa," kijana alisema kwa upole. "Kaa. Ukinipenda, leo nipende ukiwa umekaa."

Akakaa. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuchoka kama alivyochoka jioni ile, akiwa kwenye kiti, mikono mapajani, akimtazama mtoto akimwaga majani ya chai mengi kupita kiasi.

Alikaa huko hadi Jumapili. Msichana alikuja Jumamosi: mfupi, mchangamfu, ana kiduka cha vitambaa na maneno ya kumtosha mtu na jirani yake. Siku ile Mama Haloo hakumpenda hata kidogo, akanyamaza. Jumapili, walipokuwa wanamsindikiza stendi, msichana alimbebea mkoba na kumsimulia siri za mtaa mzima, nani kagombana na nani na kwa nini, na Mama Haloo akajikuta amemshika mkono. Alipokuwa anapanda basi alimgeukia mtoto wake na kumwambia kwamba yeye, Mama Mkubwa, amempenda msichana huyu kwa moyo wote, kweli kweli, na kwamba atawasaidia kwa kila kitu.

Hapo ndipo kijana alipoingiwa na wasiwasi.